Gesi Isiyotaka Mchumba

Miaka ya sitini ilikuwa imefika katikati niliporudi nyumbani Rongo kwa likizo na kumkuta shangazi, dada ya baba, amekwisha kuniozesha. Kilichobaki ni mimi kujulishwa. Mchumba alikuwa mwalimu wa Ntimaru, mwenye ng'ombe wengi na masharubu machache. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kidato cha tatu huko Homa Bay, na baba angekubali posa ile, kidato cha nne ningekisikia kwa wenzangu.

Mgeni aliletwa na shangazi mwenyewe, maana alijiteua kuwa jagam, mshenga wetu, na jagam huongoza njia na mazungumzo pia. Mgeni hakujua Kidholuo, sisi hatukujua Kikuria, basi nikaposwa kwa Kiswahili.

"Unasoma nini huko shule?" akaniuliza.

"Kemia."

"Na hiyo kemia iko na faida gani kwa mama wa nyumba?"

Baba akanitazama. Hakuwahi kuingia darasani, lakini alipenda kuelezwa jambo mpaka mwisho, ugonjwa ambao wazee wenzake walishukuru kuukosa. Nikamweleza. Sodiamu ina elektroni moja tu kwenye duara lake la nje, na inahangaika kuitoa kwa yeyote. Shangazi sikumtaja, ingawa mfano ulikuwa umeketi pale pale. Klorini imepungukiwa na moja, inahangaika kupokea. Zikikutana zinashikana, tunapata chumvi. Lakini gesi ya neoni na ndugu zake, duara lao la nje limejaa. Hawana cha kugawa wala pengo la kuziba.

"Mimi niko hivyo, baba. Sikosi kitu. Wacha nimalize shule kwanza."

Baba alianza kukubali kwa kichwa. Mwalimu angenyamaza hapo, labda angepata mke siku nyingine. Lakini mwalimu akiona kosa hawezi kulipita, hata kwenye posa yake mwenyewe.

"Hiyo kitabu yenu ni ya zamani," akasema. "Zenoni, ndugu ya neoni, wazungu wameshaunganisha."

Nilimchukia kwa kuijua habari hiyo kabla yangu.

"Na nini?" baba akauliza.

"Na florini." Akasogea mbele kitini, posa ameisahau. Zenoni, akasema, ni kubwa, duara lake la nje liko mbali na kiini, halishikwi sana. Hata hivyo haikubali hivi hivi. Hufungiwa ndani ya chombo cha nikeli pamoja na florini, gesi kali kuliko zote, inayochoma nyama mpaka mfupani, kisha hupashwa moto mkubwa mpaka iungane.

Shangazi alimkonyeza mpaka jicho likachoka, maskini.

Baba alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kwa upole kabisa, "Na hapa kwangu, mwalimu, hiyo florini ni nani?"

Mwalimu alimaliza chai yake, akaaga bila kutaja ng'ombe. Shule ilipofunguliwa, baba mwenyewe alinibebea sanduku hadi barabarani, nami nilifurahi mpaka nikasahau kumuaga shangazi.