Mvulana wa Tatu na Migomba ya Mwenzake

Mdogo wangu ndiye mtu pekee ninayemfahamu ambaye kazi yake hupimwa kwa kutajwa. Mimi nauza viazi vya Lubero sokoni, huku Kimemi mjini Butembo, na viazi hupimwa kwa ndoo. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kule kazini kwao mtu anaweza kufanya kazi hadi macho yakamwuma, na kama hakuna aliyemtaja, ni kama hakuamka kitandani.

Wazazi wetu walikufa wakifuatana, nikiwa bado madarasa ya chini ya sekondari. Niliacha shule nikakalia kibao cha mama sokoni, kwa kuwa wadogo zangu walihitaji kula na kibao kilikuwa na wateja wake tayari. Huyu ninayemsema ndiye aliyependa vitabu kuliko wote. Alisoma biolojia hapahapa Butembo, na Ebola ilipoingia akachukuliwa kufanya kazi kwenye maabara ya Beni. Miaka ile hakuwa akivaa kitambulisho chake barabarani. Magari ya watu wa afya yalirushiwa mawe, na mtaani walimwambia kwamba anakula pesa ya ugonjwa. Nami niliulizwa sokoni kama viazi vyangu vimepita maabara. Nilijibu kwamba vimepita Lubero tu, na anayetaka anunue.

Ugonjwa ulipoisha alibaki kulekule Beni. Jumapili, barabara ikiwa salama, huja kula nyumbani na kurudi kesho yake asubuhi. Jumapili moja alikuja na mwenzake wa maabara, kijana wa mkoa mwingine aliyetumwa na serikali, mcheshi, asiyeogopa chakula cha watu. Tukiwa tunasubiri sombe, mboga ya majani ya muhogo, iive, mdogo wangu alinisogezea simu. Yeye huniita Yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, ona. Hii namba ni mara batu bamenitaja."

"Batu gani?"

"Bale banachunguza virusi. Bako Ulaya, bako huku Afrika, kila pahali. Mutu akiandika, akiegemea kazi yangu, anataja jina yangu. Masini inahesabu."

"Na kama anakutaja kwa ubaya?"

"Inahesabu tu vilevile."

"Basi ni kama huku sokoni," nikasema, na mgeni akacheka.

Kisha akanieleza kwa nini namba ile ilimkosesha usingizi. Maabara moja ya nchi jirani ilikuwa inatafuta mtu wa kusomea shahada ya uzamivu juu ya virusi. Nafasi ilikuwa moja. Wanaochagua hufungua kwanza ukurasa wa mtandaoni wenye namba ile, wakatazama ni nani anatajwa. Miaka yote mdogo wangu alikuwa mtu wa kuchukua sampuli, kuzifunga vizuri na kuzipeleka kwa wengine, nao ndio walioandika. Jina lake liliwekwa katikati ya msururu wa majina, pale ambapo jicho hupita bila kusimama. Andiko moja tu alikuwa ameliandika mwenyewe, jina lake likiwa mbele. Akipata nafasi ile, angeuliza maswali yake mwenyewe juu ya virusi vilivyozika majirani zetu. Asipoipata, angeendelea kufunga vichupa.

Mgeni alichukua simu akawa anateremka na ukurasa kwa kidole gumba.

"Mon frère, ndugu yangu, hii ni nini? Ugonjwa wa migomba? Ulianza lini kutibu ndizi?"

"Wapi?"

"Hapa. Na hapa tena. Tena minyoo ya udongo. Kumbe niko nafanya kazi na mulimaji, na sijaambiwa."

Mdogo wangu alinyang'anya simu. Mgeni akanigeukia mimi.

"Yaya, ninyi huku mulima muzima muko na jina moja. Mukiita mutoto, kijiji kizima kinaitika."

Hapo alisema kweli. Kwetu mtoto hupewa jina kwa kadiri alivyozaliwa. Mvulana wa kwanza ana lake, wa pili ana lake, na wa tatu ana lake, na majina ni yaleyale nyumba kwa nyumba, toka Lubero hadi Beni. Wasichana vilevile. Ongeza jina la ubatizo ambalo mapadri waliligawa kwa wingi, na utapata wavulana wa tatu wasiohesabika wanaoitwa sawasawa kabisa. Mmoja wao, ikaonekana, alikuwa mtu mzima wa upande wa Lubero aliyefundisha kilimo na kuandika juu ya maradhi ya migomba maisha yake yote. Mashine iliwaona wawili hao kuwa mtu mmoja, na ikamwekea mdogo wangu migomba yote ya mwenzake.

Sombe ilikuwa imeiva lakini hakula vizuri. Alikuwa akipitia maandiko moja baada ya jingine. Sehemu kubwa ya namba ile ilikuwa ndizi.

"Acha vile," mgeni akamwambia. "Si weye ulihesabu. Masini njo ilihesabu."

Nami nilikuwa upande wa mgeni. Nilikuwa nimengoja mdogo wangu afike mbali tangu alipokuwa akisomea kwa taa ya mafuta chini ya meza yangu ya sokoni. "Bale batu bako mbali," nikasema. "Nani atajua?"

"Mwenye ndizi," akajibu.

Asubuhi mgeni alitangulia Beni. Mdogo wangu alinisindikiza sokoni, kwa sababu lori la Lubero lilikuwa linashusha na mgongo wangu si wa zamani. Magunia huandikwa jina la mpokeaji kwa mkaa, na kwa kuwa sisi mabinti wa kwanza tuko wengi kando ya njia ile, kila mmoja ana kitambaa chake anachofungia mdomo wa gunia. Changu ni chekundu. Siku ile walinishushia gunia lenye jina langu lakini limefungwa kwa buluu. Nililigeuza mdomo ukutani, kama tunavyofanya sote. Gunia lililogeuzwa hivyo halifunguliwi wala haliulizwi bei mpaka mwenyewe apite. Nikamwambia mpakuzi apeleke habari, nikaendelea kupima. Sikufanya hivyo ili kumfundisha mtu. Ni kazi ya kila mara lori linapokuja, na mara nyingi gunia linalosimama ukutani kwa mwenzangu ni langu.

Nilipogeuka nilimkuta mdogo wangu amekaa juu ya gunia lile, simu mkononi.

"Yaya, jana ulisema niache."

"Jana nilisema."

"Na leo?"

"Leo unanizibia bateja. Fanya ile unataka, lakini toka hapo mbele."

Alisogea pembeni akaanza kuyatoa maandiko ya migomba kwenye ukurasa wake, moja moja. Alinionyesha namba ilipobaki. Ilikuwa ndogo hadi nikaona haya kuitazama, kama unavyoona haya kumtazama mtu aliyenyolewa nywele akiwa mgonjwa. Sikumwambia hivyo. Nilimpa viazi vya kupeleka Beni.

Alimwandikia pia mwenye ndizi. Mzee yule alijibu haraka, kwa adabu nyingi. Alisema kwa muda mrefu alikuwa akidhani kwamba watu wameacha kumsoma. Mdogo wangu alinisomea maneno hayo kwa simu, jenereta ya maabara ikinguruma nyuma yake.

Wale wa nchi jirani walimwita kuzungumza naye kwa kompyuta. Aliniambia kwamba walimuuliza sana juu ya lile andiko lake moja, na kwamba bibi mmoja mwenye miwani alionekana kulisoma kweli, si kulipitia tu. Alitoka pale akiwa na matumaini, nami nikayachukua nusu. Wiki hizo niliwapimia watu ndoo zilizofura.

Jibu lilipofika hakunipigia simu. Alipanda pikipiki katikati ya juma, akaja hadi sokoni, akasimama akingoja nimalize na mteja. Nikajua kabla hajafungua kinywa. Walimpa nafasi mwingine. Walisema kazi yake ni nzuri, ila bado ni kidogo, na kwamba mwaka ujao wakifungua tena aje na andiko la pili.

"Utaandika ingine," nikasema.

"Ingine inaomba wakati, Yaya. Juma yote niko na sampuli. Inabakia Jumapili tu."

Nilijua Jumapili zake zinakwenda wapi. Zinaenda barabarani, na kwenye paa langu linalovuja, na kwenye vikao vya ukoo, ambako yeye hukaa kwenye kiti cha wanaume wa nyumba yetu alichokiacha baba, kwa kuwa wavulana wawili waliomtangulia walihamia mbali. Zinaenda mezani kwangu pia. Nilimtazama alivyokonda.

"Basi usikuje tena Jumapili," nikamwambia. "Kikao nitaenda mimi. Bakisema kile kiti ni cha mwanaume, banitoe juu yake."

"Na weye?"

"Mimi niko na viazi."

Alicheka kidogo. Akaniuliza kama ningekubali aongeze jina la baba nyuma ya lake katika andiko jipya, ili mashine isimchanganye tena. Nilimwambia nitawauliza wadogo zangu wengine, lakini kwamba kwa upande wangu aandike.

Jumapili iliyofuata nilienda kikaoni nikakaa kwenye kile kiti. Baba mdogo mmoja alikohoa, kisha kikao kikaendelea. Niliporudi nilipika chakula cha kawaida, kisha nikakumbuka kwamba mdogo wangu haji, nikapeleka sahani moja kwa jirani. Beni umeme ulikuwapo siku hiyo. Alinitumia ujumbe mfupi kwamba ameanza kuandika.