Cherehani Bila Mota

Mtaani walimwita Fundi Mshono, na kwa suruali za shule hakuwa na mpinzani. Cherehani yake ya miguu alikuwa ameikanyaga tangu ujana. Kisha maradhi ya mishipa ya fahamu yakamvamia: ganzi ilianzia vidoleni, ikapanda, na baada ya siku chache mtu mzima na ndevu zake akawa analishwa uji kitandani.

Mishipa ilipoanza kupona, miguu ilikuwa imesahau kazi. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini, dada mcheshi asiyejua huruma, alimsimamisha kati ya vyuma viwili akamwambia, "Baba, hapa kwangu kulia ruksa, kukaa hapana." Aliposikia mgonjwa wake ni fundi cherehani, akapiga makofi. "Kumbe! Basi nenda kakanyage mashine yako. Kisigino, vidole, kisigino, vidole. Uzi usitie kwanza."

Fundi akakanyaga. Lakini mguu ukichelewa kidogo tu, gurudumu linageuka kurudi nyuma, na kwa mwendo huo uzi ungekatika tu. Mkewe, kwa kumwonea huruma, akaita fundi umeme aje kufunga mota na kung'oa pedeli.

"Unajitesa bure, baba watoto."

Maneno yale yalimchoma. Pedeli ikiondoka, nani angeamini tena kwamba miguu yake itarudi? "Nikishindwa kushona mshono mmoja mzima mbele ya huyo fundi wako, ang'oe," alisema. "Nikiweza, aondoke na mota yake."

Fundi umeme akaja na boksi lake. Fundi Mshono akatia uzi, akaweka kitambaa, akasukuma gurudumu kwa mkono, akakanyaga. Likaenda mbele! Mbele tena! Mashine ikanguruma kama zamani, na moyo nao ukamwenda mbio. Mkewe akainama mezani. "Twende, baba watoto, twende!" Fundi umeme naye akasahau kilichomleta, akawa anashangilia kama yuko uwanjani. Kitambaa kikafika mwisho, uzi mzima, na Fundi wala hakupunguza mwendo. Nani angesimama kwa raha ile?

"We! Umenishona!"

Kweli, ubavu wa gauni pana la mkewe ulikuwa umeingia chini ya sindano, ukashikwa barabara. Mama wa watu akacheka mpaka machozi. "Nipeni mkasi!"

Mkasi ulining'inia karibu na mlango. Tangu augue, Fundi hakuwa amevuka chumba kile bila kushika bega la mkewe, na sasa mwenye bega kashonwa mezani. Fundi umeme akanyanyuka aulete.

"Kaa!" mkewe akamwambia. "Anauleta mwenye mashine."

Fundi akasimama, akaachia meza. Akaenda akiyumba, akicheka, akautungua mkasi, akageuka, akarudi. Alikata uzi taratibu ili gauni lisichanike. Kisha akamwambia fundi umeme aondoe boksi lake njiani, maana anataka kwenda kuurudisha mkasi.