Herufi Nne Chini ya Kadi ya Zuwena

Miye nishakubali kuchekwa, maana nisipohadithia mwenyewe atahadithia shangazi yangu Bi Mize, na yeye hutia chumvi. Basi jueni kutoka kwangu: ndimi niliyewalisha wakwe zetu mkate wa boflo na chai siku ya harusi ya dada yangu Zuwena, Wawi nzima ikitazama, na yote yalianzia kwenye herufi nne za Kizungu nilizozitia chini ya kadi.

Kadi niliitengeneza mwenyewe kwenye simu (ndiyo kwanza nimerudi kutoka chuoni Unguja, na mtu aliyerudi chuo ana maradhi yake). Nikatia maua pembeni, jina la bi harusi, jina la bwana harusi, halafu chini yake RSVP na namba yangu. Nia yangu njema, wallahi, mtu akiipata kadi anipigie aseme anakuja au haji, nasi tujue tupike mchele kiasi gani. Zuwena alipoiona hakuuliza maana yake. Alisema tu, "Kaka, wakwe zangu wa Jadida wana maneno. Fanya utakavyo, lakini usinitie aibu kwa watu ninaokwenda kuishi nao." Nikamwambia alale usingizi wake.

Kadi zikachapwa, akapewa Bi Mize, kwa sababu harusi yoyote ya ukoo wetu yeye ndiye anayepita nyumba kwa nyumba kualika. Akataka kujua zile herufi ni kitu gani, nikamweleza, akanitazama kama niliyemtukania mamake. "Nimwalike mtu, kisha nimwambie apige simu kuomba pilau? Weye una wazimu."

Basi kwa haya zake hakumweleza mtu, na kila nyumba ikajitafutia maana yake. Jirani yetu mwenye duka akasema hilo ni jina la ukumbi, akawa anauliza uko Chake au uko Wete. Mwalimu wa madrasa akaona ni dua iliyofupishwa, akaitikia amin. Na huko Jadida, kwa kuwa herufi zimekaa chini ya jina la bwana harusi, wakajua hiyo ni shahada aliyosomea, na mamake (haya nilikuja kuambiwa baadaye) akazunguka na kadi mtaa mzima kuonesha kwamba mwanawe, fundi friji, kumbe ana RSVP na hajapatapo kumwambia.

Miye huku nasubiri simu. Akapiga mmoja kuuliza kama hiyo ndiyo namba ya kutumia mchango, akapiga mwingine ana mbuzi anauza, wakapiga na wa kuomba radhi, huyu mkewe kajifungua, yule ana safari ya Tanga. Wa kusema nakuja, hata wa dawa. Nikaona basi, watu hawaji, nikamwendea Ami Khamis, baba yetu mdogo aliyesimamia shughuli tangu baba alipofariki, nikamwambia apike nusu. Akakuna kichwa, akasema watu huja. Nikamsomea habari ya israfu, nikamkumbusha harusi ya jirani ambako pilau lilimwagiwa kuku, na Ami ni mtu muoga wa dhambi, akakubali. Nikatoka pale nimevimba kichwa.

Siku ikafika, na watu wakafika. Yakhe, watu! Wawi yote, Chake, hata jamaa za mama kutoka Shumba wamejaa kwenye lori wakipiga vigelegele. Nimesimama mlangoni napokea mikono huku nahesabu vichwa, mpaka akaingia Mzee Shaame, rafiki wa marehemu baba, nikashindwa kujizuia nikamuuliza mbona hakupiga simu.

"Nipige simu niseme nakuja kula?" akasema. "Mtu mzima miye?"

Hapo ndipo nilipozinduka. Kwetu mtu akialikwa husema inshaallah, siku ikifika huvaa kanzu yake akaja. Anayepiga simu ni mwenye udhuru, basi. Wiki nzima nilikuwa nawahesabu wasiokuja.

Wakwe wakapasukiwa na tairi njiani, kwa hiyo wenyeji wakatangulizwa kula, masinia yakatoka na kutoka, mpaka nikausikia upawa wa Ami unakwangua chini ya sufuria. Na mara hiyo hiyo gari za Jadida zikaingia.

Nikah ikasomwa. Nikawaomba vijana wa kasida waendelee kidogo, nikarukia bodaboda kwenda Chake kukusanya boflo zote zilizobaki madukani, na niliporudi wale vijana walikuwa wameshamaliza kasida zote wanazozijua wamerudia ya kwanza, mpiga dufu ananitazama kwa jicho baya. Chai tukaichemshia kwenye sufuria lile lile la pilau, na kwa haraka halikuoshwa vizuri. Mzee Faki, babake bwana harusi, akanywa funda, akasita.

"Chai yenu ina bizari," akasema kwa adabu kabisa. "Na pilau lake liko nyuma?"

Nikamsogezea sahani ya boflo. Nyuma ya pazia nikamsikia Bi Mize anacheka, na mama analia.

Mngedhani yameishia hapo. Kesho yake asubuhi gari kutoka Jadida ikasimama mlangoni petu, wakashusha sufuria la pilau limefungwa kanga mpya, na salamu za mama mkwe kwamba wamesikia wenzao walipungukiwa. Majirani wote wametoka nje. Mama akaniamuru nilipakue na nilipeleke nyumba kwa nyumba mwenyewe, na kila mlango naulizwa limetoka wapi, na kila mlango nasema. Nikala na miye kidogo, likawa tamu, nikazidi kuumia. Na aliyelipakia kwenye gari, nikaambiwa, ni Zuwena, ndiyo kazi yake ya kwanza katika nyumba ile, wifi zake wamemzunguka wanacheka.

Dada yangu hakunisemesha muda mrefu. Mpaka alipojaaliwa mtoto, siku moja nikaona jina lake kwenye simu, ananiita kwenye akika. Kwa furaha nikaanza kujiumauma, kwamba nitatazama kazi, nitamjulisha mapema kama nakuja.

"Usinijulishe kitu," akasema Zuwena. "Ukija, umekuja. Usipokuja, sahani yako itapakuliwa ifunikwe, na hapana atakayeigusa."

Nikaenda Jadida, nikachekwa toka mlangoni mpaka jikoni, nikala. Na nimeapa, nikimwalika mtu nampikia, aje asije.