Nilimkana Mama Mkwe Mbele ya Kaburi la Mume Wangu

Nimekosa, na kosa hili hata padri sijamwambia. Naanza na wewe unayesoma.

Nauza miche ya maua Kawajense, hapa Mpanda. Msimu uliopita nililetewa mbegu za petunia za rangi ya chungwa. Huku hatukuzoea rangi ile, wateja wakaigombania. Basi afisa wa kilimo akapita kwenye vitalu vyetu, akatueleza kwamba vinasaba vya maua yale vimebadilishwa maabara, na bila kibali hayaruhusiwi kuingia nchini wala kuuzwa. Anayesalimisha mwenyewe hana kesi, yatachomwa tu.

Wenzangu walisalimisha. Mimi tamaa ikanishika. Nikajiambia ua haliliwi, litamdhuru nani? Nikapakia makopo yangu ya miche kwenye bodaboda hadi Kakese kwa mama mkwe, nikamwambia, "Mama, nimekuletea maua." Nilitaka nikayafuate mambo yakipoa.

Yeye alidhani ni zawadi. Akayapanda kuzunguka kaburi la mwanawe, marehemu mume wangu, palepale nyuma ya nyumba. Nilipoyakuta yamechanua nilishindwa kumwambia ayang'oe.

Siku afisa alipofika na mwenyekiti wa kijiji, wameambiwa maua yale yameonekana hapo, nami nilikuwepo.

"Bibi, haya maua umeyatoa wapi?"

Mama akanigeukia akitabasamu. "Si mkwe wangu huyu kaniletea. Hebu waambie, mwanangu."

"Mimi? Hapana, mama. Labda umesahau."

Jamani, yule mama hasahau kitu. Aliniangalia, kisha akamwambia afisa, "Kweli, nimesahau. Nyie ng'oeni tu."

Wakang'oa kwa jembe, juu ya kaburi la mwanawe. Mama alisimama ameziba mdomo kwa khanga mpaka wakamaliza. Nilitaka kusema, nikaogopa kufungiwa kitalu.

Hakunigombeza. Alihamia Kibaoni kwa wifi yangu, kaburi akaniachia mimi. Nilipomfuata kumwomba msamaha, aliniwekea kiti sebuleni, akaninawisha mikono, akanichinjia kuku. Mimi, niliyekuwa naingia jikoni kwake na kujipakulia! Nilikula huku machozi yananitoka, na msamaha wenyewe sikuuomba.

Wauza maua wenzangu, mkiambiwa salimisheni, salimisheni. Na ukishaficha, usimwache mwingine aulizwe kwa niaba yako. Miche yangu ingechomwa, ningeotesha mingine. Sasa nikienda kwa mama nabisha hodi, nasimama nje, nangoja nikaribishwe.