Vyuma Mguuni, Kuku Uani

Niliviogopa vile vyuma kuliko kifo chenyewe. Mume wangu alikuwa fundi wa karakana ya reli hapa Elisabethville, na behewa lilimvunja mguu wa kulia chini ya goti. Daktari Mzungu alipitisha misumari minne katika nyama mpaka mfupani, akaiunganisha kwa nje na ufito wa chuma wenye nati. Kila Alhamisi alikuja kitandani kwake hospitalini na spana, akalegeza hapa, akakaza pale, ili mifupa ikae sawa. Mume wangu, bingwa wa kukaza nati, alifumba macho. Na daktari hakuficha: mifupa ikikataa kuungana, atakata.

Mama mkwe hakubishana naye. Alifanya tu ya kwao: alivunja mguu wa kuku, akaufunga kwa vijiti, akanikabidhi. Kuku akitembea, mgonjwa naye atatembea.

“Umuchunge muzuri,” aliniambia. “Kuku ikikufa, muguu ya mutoto yangu inakufa.”

Mimi niliyesoma kwa masista, katekisimu yote kichwani, nilimlisha kuku yule mahindi kwa mkono na kumfunika kitenge changu cha misa. Juma la tano, mama mkwe akiwa sokoni, mbwa wa jirani aliruka ua. Nilikuta manyoya.

Sikulia, woga ulinikausha hata machozi. Nilikimbia kwa muuza kuku, nikachagua wa rangi ileile, nikajifungia jikoni. Mara ya kwanza niliushika mguu wake, nikashindwa. Mara ya pili niliusikia mfupa. Tangu kuku huyo sijamshika mwingine aliye hai.

Alhamisi iliyofuata daktari alikaza nati, akakunja uso, akaondoka. Mume wangu akanishika mkono.

“Bibi, kuku iko namna gani?”

“Inasimama, baba.”

Kuku alikuwa amelala ubavu, hali wala hanywi. Nilimuomba Mungu kwa ajili ya kuku, na niliona haya.

Kuku akapona, mifupa ya mume wangu nayo ikaungana. Vyuma vikatolewa, na mume wangu akarudi nyumbani akichechemea, mguu ukiwa wake. Jioni hiyo mama mkwe alinikuta uani namtazama kuku akidonoa.

“Ile yangu nilivunja muguu ya kuume,” alisema taratibu. “Hii ni ya kushoto. Niliona siku ile ile.”

Nikamwuliza kwa nini alinyamaza.

“Niliogopa kukuuliza ile ya kwanza iko wapi.”