Bi Sekunde na alama thelathini na sita za mwanawe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Umande haujakauka na Bi Sekunde ameshainama. Mkono mmoja umeshika ndoo ya chokaa, mwingine kopo la maziwa lililotobolewa matundu chini. Anatembea kinyumenyume, kopo linanyunyiza unga mweupe, na mstari unazaliwa mbele ya miguu yake. Akifika mwisho anajishika kiuno na kuukagua kwa jicho moja, kama fundi mwashi anavyokagua ukuta. Umepinda kidogo tu. Anaufuta kwa kisigino na kuanza upya.

"Mtoto akikuta mstari umepinda, anajua mwalimu hakujali," anasema, bila kuinua kichwa.

Ni mwalimu wa michezo katika shule ya msingi yenye uwanja mmoja, shimo moja la mchanga na mipira sita, miwili kati yake ikiwa na viraka. Ameifanya kazi hii kwa miaka ishirini na moja. Sasa ana miaka arobaini na saba, na goti lake la kulia humkumbusha umri wake kila kunapopoa.

Jina la Bi Sekunde alipewa na wanafunzi wa kwanza kabisa, kwa sababu ya saa ya kupimia mbio isiyobanduka shingoni mwake. Baadhi yao leo ni wazazi. Wanapoleta watoto wao shuleni humsalimia kwa jina hilohilo, naye huitika.

Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa nyepesi kueleza. Mtoto anakimbia mita mia, anaruka kwenye mchanga, anarusha mpira. Mwalimu anapima, anatazama jedwali alilorithi kwa mwalimu aliyemtangulia, anaandika alama. Sekunde kumi na tano au pungufu, uko juu ya tisini. Kila sekunde inayozidi hapo inakula alama zako. Mwisho wa muhula anasimama mbele ya darasa na kuyasoma majina, wa kwanza mpaka wa mwisho.

"Nilijiona mwadilifu," anasema. "Saa haina shangazi wala mjomba. Mtoto wa tajiri, mtoto wa maskini, wote inawapima sawa."

Mambo yalianza kumgeukia mwaka jana, kitinda mimba wake alipoingia darasa la sita. Darasa hilo ni la kwake.

Binti huyo ni mpole, mnene kidogo, mpenda vitabu. Katika hesabu na lugha hakuna anayemgusa. Uwanjani ni habari nyingine. Siku ya kupimwa alimaliza mita mia kwa sekunde ishirini na mbili, wenzake wakiwa wameshakaa kwenye nyasi wanafunga kamba za viatu. Kwenye mchanga aliangukia mikono. Mpira aliourusha ulidondoka karibu mno hata futi ya kupimia haikuhitaji kukunjuliwa yote.

Jumla, alama thelathini na sita. Wa mwisho kati ya wanafunzi arobaini na sita.

Bi Sekunde aliyasoma majina kama kawaida yake. Alipofika jina la mwisho hakupepesa macho, wala sauti yake haikubadilika. Darasa zima liligeuka kumtazama binti, kisha likageuka kumtazama mama. Anakiri kwamba moyoni alijipongeza, kwa kuwa hakuna ambaye angesema amempendelea mwanawe.

Nyumbani jioni ile hawakuligusia jambo hilo. Binti alikula, akaosha vyombo, akaenda kulala. Mama akadhani yamekwisha.

Jumatano iliyofuata, siku ya kipindi cha michezo, binti alilalamika tumbo. Jumatano ya pili, kichwa. Ya tatu hakulalamika chochote, na mama akashukuru. Walitoka nyumbani pamoja, wakaachana getini kama siku zote, mmoja akaelekea darasani, mwingine stoo ya michezo.

Saa nne, darasa la sita lilijipanga uwanjani. Ni desturi ya shule kwamba mtoto asiyeweza kushiriki hukabidhi barua kutoka kwa mzazi. Siku hiyo walikuwa tisa wenye barua, na wa tisa katika mstari alikuwa binti yake.

Barua ilikuwa imekunjwa vizuri. Bi Sekunde anayakumbuka maneno yake yote, na anayasema taratibu, akitazama pembeni: "Mwalimu mpendwa, naomba umruhusu mwanangu akae nje ya mchezo leo. Hajisikii vizuri. Natanguliza shukrani. Mama yake." Chini palikuwa na sahihi. Ilikuwa sahihi yake mwenyewe, imeghushiwa vizuri kiasi kwamba kwa nukta moja alijiuliza kama kweli aliiandika.

Alimuuliza ni nani aliyeandika barua ile.

"Mama yangu," binti akajibu.

"Na mama yako ni nani?"

Machozi yalikuwa yanamlengalenga binti, lakini alijikaza.

"Mama yangu yuko nyumbani. Wewe ni mwalimu."

Wanafunzi walikuwa wanasubiri. Bi Sekunde aliikunja barua, akaitia mfukoni, akamwambia mwanafunzi huyo akakae kivulini na wale wanane.

Usiku alimsimulia mumewe, fundi wa friji, mtu anayependa utani. Mume alicheka mpaka akakohoa, akasema mtoto huyo atakuwa wakili. Kisha akamwona mkewe usoni, na kicheko kikamkauka.

Kesho yake Bi Sekunde alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwa miaka yote hiyo. Alitoa kwenye stoo boksi la barua za kuomba ruhusa na kuzipanga mezani kwa majina. Nyingi zilitoka kwa watoto walewale, wale wa mkiani. Wanene, wenye pumu, wafupi, waoga wa mpira. Mmoja wao, mwaka mzima, alikuwa ameingia uwanjani mara nne.

"Nilikuwa nawafundisha michezo waliokwisha kuijua," anasema. "Wasiojua nilikuwa nawafundisha kuandika barua."

Alikwenda kwa mwalimu mkuu na ombi. Alitaka mtoto apimwe dhidi yake mwenyewe. Ukianza muhula na sekunde ishirini na mbili ukamaliza na ishirini, umesonga mbele, na alama zifuate hapo. Usomaji wa majina kwa sauti ufutwe. Mwalimu mkuu, mwanamume mwangalifu aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, alikuna kidevu, akasema jaribu muhula mmoja, lakini asisikie kelele.

Barua zilipungua. Kutoka tisa kwa wiki zikawa tatu, wiki nyingine hakuna hata moja. Binti alianza kukimbia, bado wa mwisho, lakini anakimbia. Bi Sekunde alikuwa anatembea kwa raha zake mpaka wiki ya ripoti, aliposikia hodi mlangoni pa stoo.

Alikuwa dobi wa hospitali, mama wa mwanafunzi ambaye wenzake humwita Mshale. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, mabuti ya mpira bado miguuni, vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni. Alikaribishwa kwenye benchi la mazoezi, akakataa kukaa. Mkononi alikuwa na ripoti mbili.

Muhula uliopita Mshale alipata tisini na mbili. Muhula huu, sabini. Alikuwa amekimbia kwa sekunde kumi na nne na nukta nane, akamaliza na kumi na nne na nukta saba. Mtoto mwenye kasi kuliko wote shuleni hakuwa na pa kusonga mbele zaidi.

Dobi hakupandisha sauti. Alieleza kwamba mwanawe anababaika kusoma, kwamba katika hesabu alipata kumi na nane, na kwamba ripoti zote huwa anazificha chini ya godoro. Ile ya tisini na mbili ndiyo pekee aliyoitoa mwenyewe, nao wakaibandika ukutani juu ya jiko. Mgeni akija anaonyeshwa.

"Mwalimu, wa kwako ana hesabu, ana sayansi, ana lugha," dobi alisema. "Wa kwangu ana miguu. Umekuja kuchukua na miguu?"

Bi Sekunde alijaribu kumweleza habari za watoto wanaoona haya, wanaokua wakiuchukia mwili wao. Dobi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama katika hesabu mwanawe naye angeweza kupewa alama za kujitahidi. Maana anajitahidi, alisema, yeye humwona. Na alama zake za hesabu mbona husomwa darasani na hakuna anayemwonea huruma?

"Swali hilo sijalijibu mpaka leo," anasema Bi Sekunde. "Nimelizungusha kichwani kila upande. Nikilala lipo, nikiamka lipo."

Siku ile alichoweza kufanya ni kuomba radhi. Dobi akaipokea radhi, akasema zamu yake inamsubiri, akaondoka.

Muhula uliofuata Bi Sekunde aliacha kabisa kuandika alama. Kwenye ripoti, mahali pa namba, aliandika maneno: mtoto ameshiriki kwa kiasi gani, amejifunza nini, anahitaji nini. Kisha akatengeneza karatasi nyingine ya pembeni, yenye mhuri wa shule, kwa mwanafunzi yeyote anayetaka mwenyewe kupimwa. Anayeitaka anakuja Ijumaa baada ya masomo, anakimbia, anaruka, anarusha, na vipimo vyake vinaandikwa kama vilivyo. Asiyetaka halazimishwi.

Ijumaa ya kwanza walikuja saba. Mshale alikuwa wa kwanza kufika. Sasa huja ishirini na zaidi, wakiwemo wawili kati ya wale tisa wa barua. Binti yake hajawahi kuja, na mama hajawahi kumuuliza.

Kelele aliyoihofia mwalimu mkuu ilikuja hata hivyo, kwa barua ya kurasa mbili. Ofisi ya elimu ilitaka kujua kwa nini safu ya alama za michezo katika shule hiyo iko tupu, ilhali mwongozo unataka namba kwa kila mtoto. Bi Sekunde alitakiwa kujieleza kwa maandishi. Alijieleza. Akajibiwa kwa onyo, na kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Wamemdokeza kwamba akishupaa anaweza kuhamishwa.

Haoni kwamba wanamwonea. Anasema hata yeye, kama angekuwa ofisini na si uwanjani, angeuliza swali hilohilo. Wako walimu wenzake wanaomwona analea uvivu. Mmoja alimwambia waziwazi kwamba dunia haitamngoja mwanawe amalize mita mia.

"Kweli haitamngoja," anasema. "Lakini mimi si dunia. Mimi ni mwalimu wa darasa la sita."

Nyumbani mambo yamelegea, ingawa si kama hadithi. Binti bado anaona kukimbia ni adhabu isiyo na kosa. Hata hivyo wiki tatu zilizopita, wakiwa wanakunja nguo, alisema bila kuulizwa kwamba Jumatano walipocheza kukimbizana alisahau kutazama nani yuko nyuma yake. Mama alikunja shati lilelile mara mbili. Aliogopa kwamba akitia neno ataharibu.

Kuhusu sahihi iliyoghushiwa, walizungumza mara moja tu. Binti aliomba msamaha kwa kudanganya. Mama naye aliomba wake, kwa kumsomea jina mbele ya watu. Binti akamuuliza kama hata yeye angekuwa mtoto wa mtu mwingine mama angemwomba msamaha. Bi Sekunde alitaka kusema ndiyo, akashindwa, akasema ukweli: pengine asingejua kwamba kuna la kuombea msamaha.

Tangu hapo amejipa kazi nyingine. Anapokutana na mtu mzima aliyepita mikononi mwake, humuuliza alipata ngapi. Wa juu husahau, hulazimika kukisia. Wa chini hutaja namba papo hapo. Karani mmoja wa benki, mwanamke wa miaka thelathini, alimtajia ishirini na saba kupitia dirisha la kaunta huku akihesabu noti, na akaongeza kwa upole kwamba tangu siku ile hajakimbia tena, hata mvua ikinyesha.

Kamati inakaa Jumatatu ijayo, saa tatu asubuhi. Bi Sekunde ameomba apewe nafasi ya kusikilizwa akiwa na mzazi, na mzazi aliyemchagua ni dobi. Alimfuata hospitalini, wakazungumzia uani kati ya kamba za mashuka. Dobi alimwonya mapema: akipewa nafasi atasema anataka alama zirudi, angalau kwa watoto wanaozitaka, na ziandikwe kwenye ripoti halisi, si karatasi ya pembeni.

Bi Sekunde alimwambia ndivyo anavyotaka aseme.

"Hatukubaliani, na pengine hatutakubaliana," anaeleza. "Lakini wale wakubwa hawajawahi kumwona mtoto wa kwangu wala wa kwake. Tukienda wawili, watalazimika kuwaona wote."

Mpango wake, akibakizwa, ni kuiombea karatasi ya Ijumaa nafasi ndani ya ripoti, kwa anayeitaka, na kuiacha safu ya namba itupwe. Akihamishwa, anasema, huko nako kutakuwa na watoto, na uwanja wowote unapigika chokaa.

Anachotamani hasa ni kidogo kuliko hayo. Anatamani kabla hajastaafu amsikie mtoto akiulizwa na shangazi yake, "Michezo umepata ngapi?" na mtoto ashangae, aseme hajui, ila leo wamecheza.