Hilaria hachomekei, na Babati inampisha

Saa moja na nusu asubuhi, njia panda ya Singida mjini Babati imeziba. Magari yamejipanga mistari miwili, honi zinagombana, na kila dereva anaona haraka yake ndiyo haraka.

Hilaria Mathayo (34), dereva wa bajaji, anataka kuhamia mstari wa kulia. Anawasha indiketa, anamwomba abiria atoe mkono, kisha anageuka na kumtazama usoni dereva wa lori aliye nyuma. Anasubiri. Lori linawasha taa mara moja, na bajaji inaingia taratibu.

“Nimchomekee mtu, nijipenyeze mbele yake kwa nguvu, nipate dakika mbili, halafu nizipeleke wapi?” anauliza huku akimpungia dereva wa lori mkono wa shukrani.

Mama huyu wa watoto wawili, mkazi wa Nangara, ameendesha bajaji miaka minne. Akishampa mwenye chombo shilingi elfu kumi na tano na kuweka mafuta, hubaki na elfu kumi. Siku ikikubali, elfu kumi na tano.

Kijiweni, wanaposubiria abiria, madereva wenzake walimbatiza jina la “Mama Subiri”. Utani ukageuka balaa Mei mwaka jana, pale mfanyabiashara wa mahindi wa Maisaka, mzee Aminiel, alipolalamika kwamba Hilaria amemchelewesha basi.

“Nilimpa wiki moja,” anakiri Baltazar, mwenyekiti wa kijiwe. “Nilimwambia, dada, ukileta lalamiko jingine, tafuta kijiwe kingine.”

Kijiwe kingine angekipata wapi? Vyote vilikuwa vimejaa. Hilaria anasema wiki hiyo alilia, lakini hakuchomekea.

Siku ya saba, mzee Aminiel alifika akiwahi basi la Arusha. Alimpita Hilaria kama hamjui, akapanda bajaji ya Wolfgang, kijana anayesifika kwa mbio. Hilaria akaondoka nyuma yao na abiria wake, muuguzi, anayewahi basi hilohilo.

Njia panda, Wolfgang akachomekea mbele ya lori la mbao. Lori likafunga breki, bampa likanasa bajaji ubavuni. Hakuna aliyeumia, ila mstari wote ukasimama, Hilaria akiwemo.

Akafanya kama kawaida yake: indiketa, mkono, macho, subira. Dereva wa basi dogo la Coaster aliyekuwa mstari wa pili alimtambua.

“Huyu mama ananipisha kila asubuhi,” anasema dereva huyo, Leonsi. “Ningemkazia, ningelala vipi?”

Akiwa amepishwa, Hilaria alisogea hadi ubavuni mwa Wolfgang. “Shikamoo, mzee. Panda twende.”

Mzee Aminiel aliitikia marahaba akiwa ameshakaa.

Basi walilipata. Mzee aliporudi kutoka Arusha, alipitia kijiweni kabla ya kufika nyumbani. “Nilisema uongo,” aliwaambia madereva wote. “Siku ile nilichelewa kuamka.”

Baltazar aliomba radhi hadharani. Leo kila dereva mpya wa kijiwe hicho huzunguka siku tatu na Hilaria kabla ya kubeba abiria, na wateja humpigia simu yeye kwanza. Ana furaha, wala haifichi.

Sasa anasomea leseni ya mabasi ya abiria. Anataka kuendesha Babati hadi Arusha.

“Siku hiyo nitampisha,” anaahidi Wolfgang.

Hilaria anacheka mpaka anashika usukani. “Anipishe tu. Ila akitaka kurudi barabarani, awashe indiketa kwanza.”